Nani Aliwapokea Waliokuja?

Nakumbuka, mwanangu, siku moja ya mwaka uliofuata yale mafuriko makubwa ya El Ninyo, niliposhuka kwenye lori hapa Garsen nikatoka mbio hadi dukani kwa ami yangu, buibui limejaa vumbi, kiatu kimoja mkononi kwa kuwa ukanda wake ulikatika njiani. Watu wakageuka kunitazama. Wafugaji wa Kiorma waliokuwa wakichagua shuka dukani wakasimama na shuka zao mikononi. Nami, bila salamu, bila hodi, nikasema kwa sauti iliyomfikia hata muuza chai wa ng'ambo ya barabara: "Ami, hatukutoka Shirazi!"

Usicheke. Au cheka tu, mimi mwenyewe hucheka. Lakini siku ile nilikuwa na furaha ambayo nikiikumbuka moyo hunienda mbio mpaka leo, na furaha hiyohiyo nusura inikoseshe mume. Kaa vizuri nikueleze, maana kisa hiki nakitaka kikufae wewe. Juzi ulinionyesha kwenye simu yako yule kijana anayesimulia habari za Baghdadi na Andalusia, ukaniambia macho yakikung'aa, "Mwalimu Zuhura, kumbe sisi ndio tuliokuwa tukiitawala dunia!" Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na kaimati mdomoni. Sasa nimemeza, nisikilize.

Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na ami yangu Athumani, kaka yake baba. Kwetu ni Kipini, pale mto Tana unapoingia baharini, lakini ami alikuwa na duka la nguo Garsen, akiuza leso, vikoi, kaniki na shuka za wafugaji. Mimi nilikuwa nikifundisha historia katika shule moja ya msingi mjini hapo. Ami alikuwa mtu mwema. Naanza na hilo kwa sababu baadaye utataka kumchukia, na mimi sikuruhusu. Ndiye aliyenipeleka sekondari wakati wenziwe wakimwambia msichana akijua kusoma Kurani na kupika anatosha. Alikuwa akinisubiri stendi kila nilipofunga shule, hata basi likichelewa vipi.

Ila alikuwa na ugonjwa wake mmoja, nao ni kaseti. Miaka ile mihadhara ilikuwa ikija kwa kaseti kutoka Mombasa, zikiteremshwa na mabasi pamoja na marobota ya nguo, na ami hakuiacha hata moja impite. Aliirudisha nyuma kwa kalamu ya biro asije akamaliza betri za redio. Msemaji akitaja Kurtuba, mji wa Andalusia, kwamba barabara zake ziliwashwa taa wakati Ulaya wakijikwaa gizani, ami alipiga meza. Akitaja maktaba za Baghdadi, ami alimshika mteja mkono, "Unasikia? Hao ni sisi!" Na maneno yale mengi yake yalikuwa kweli, sikuyapinga. Mimi mwenyewe nilisisimka kwa fahari nikiyasikia, nikawa naenda kuyasimulia darasani. Kilichonikera ni ile "sisi" yake. Sisi ya ami ilivuka bahari na majangwa ikafika Andalusia, lakini haikuweza kuteremka mto kwa mtumbwi ikafika kijiji cha Ozi.

Na Ozi, mwanangu, ndiko alikotoka Komora.

Komora alikuwa fundi wa pampu za maji, Mpokomo, Mwislamu mwana wa Waislamu. Nilimjua alipokuja kutengeneza pampu ya shule. Alikaa na pampu ile muda mrefu kuliko ilivyohitaji, mpaka mwalimu mkuu akadhani imekufa kabisa. Haya, mengine siyasemi, wewe ni mtoto. Tulipendana, na yeye alitaka kuniposa kwa heshima, apite mlangoni kama watu wapitavyo. Nami jibu la ami nililijua kabla hajaulizwa. Ami alikuwa na nasaba yetu yote kichwani, fulani bin fulani, babu kwa babu, hadi kwa yule aliyetoka Shirazi, kule Uajemi, na chombo chake akashuka Ungwana, mji wa kale ambao magofu yake yako karibu na Kipini. Kwake, watu wa mtoni, yaani Wapokomo, walikuwa wenzetu wa kusalimiana, wa kuuziana mchele, wa kuzikana. Kuoana, hapana. Angesema Komora si kufu yangu, yaani hatulingani. Na ami ndiye aliyekuwa walii wangu, bila yeye nikahi haifungwi. Kutoroka sikutaka. Nilimtaka Komora na nilimtaka ami yangu, wote wawili, na kila nikifikiri naona lazima nitamkosa mmoja. Nilikonda, mwanangu, mpaka buibui likawa lanipwaya.

Basi likizo ikaja, nikasikia kwamba kuna wataalamu wa mambo ya kale wamefika Ungwana kuchimba. Sikungoja kualikwa. Nikapanda lori la mchele kwenda Kipini, njia bado imeliwa na mafuriko, kila baada ya kidogo tunashuka tunasukuma. Nilipojitambulisha kuwa mwalimu wa historia wakafurahi, wakanipa kazi: beseni la maji, mswaki wa meno na rundo la vigae vya vyungu. Kazi ilikuwa kupiga mswaki vigae. Nilivisugua vile vigae kwa bidii ambayo meno yangu mwenyewe hayajawahi kuiona.

Mkuu wao alikuwa mama mmoja mrefu mwenye kofia pana ya ukindu, tukimwita Daktari. Alikuwa na subira na maswali yangu, na mimi maswali sina haya nayo. Juu juu mwa shimo vikatoka vipande vya mabakuli ya Kichina, na vya mabakuli ya rangi ya kijani kutoka nchi za Ghuba. Nikapiga kelele, "Hawa hapa Washirazi!" Daktari akacheka, akasema, "Usiwe na haraka, bado tunashuka." Tukashuka. Kadiri tulivyoshuka, vitu vya ng'ambo vikapungua, na vyungu vya udongo mtupu vikazidi, shingoni vimechorwa pembe-tatu ndogo ndogo. Akanipa kimoja nikishike. Akaniambia vyungu vya namna ile vimeonekana katika miji ya kale ya pwani hii yote, kaskazini hadi kusini, na kwamba ni vya zamani kuliko misikiti ya mawe.

"Wasomi walipotafuta jina la kuviita," akasema, "wakaviita kwa jina la mto."

"Mto gani?"

"Mto wenu. Tana."

Yarabi! Nilikaa chini palepale shimoni. Vyungu vya pwani nzima, mwanangu, vinaitwa kwa jina la mto huu tunaooga, tunaofulia, unaotufurikia mashamba! Nikamuuliza, na wageni je? Akasema wageni walikuja, nani anakataa, vitu vyao ndivyo hivi, na dini walikuja nayo. Lakini walikuta watu. Walikuta watu wamejenga, wanalima, wanavua, wanapika. Watu haohao wakasilimu, wakachanganya damu na wageni, wakachonga matumbawe ya hapahapa na kuchoma chokaa ya hapahapa, wakajenga msikiti. Nami miaka yangu yote ya ualimu nilikuwa nikiandika ubaoni: Waarabu na Waajemi walikuja wakajenga miji ya pwani. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa, na mimi sikuwahi kuuliza aliyeunda ni nani. Watoto wa Kipokomo na wa Kiorma walikuwa wakinakili sentensi ile kwa hati nzuri, kana kwamba siku miji inajengwa babu zao walikuwa wamesimama kando wakitazama.

Sasa unajua kwa nini nilikimbia na kiatu mkononi.

Ami alizima redio kwanza. Akauliza, "Nani kakwambia?"

"Vyungu!"

"Vyungu vimekwambia."

"Ndiyo, ami! Vya chini kabisa ni vya mto huu. Hiyo Shirazi yenu ni hadithi tu, watu waliitunga wajione wakubwa!"

Waorma wale wakaziweka shuka polepole. Ami akaanza kukunja doti ya leso ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. "Mwacha asili ni mtumwa, Zuhura," akasema.

"Asili yenyewe ndiyo hii nakuletea!"

"Najua kinachokutuma. Habari za fundi wako ninazo, Garsen si mji mkubwa. Haya, aje. Ijumaa baada ya alasiri aje na wazee wake, nitawapokea kwa heshima, na nitamuuliza nasaba yake. Akiwa na jibu tutazungumza. Akiwa hana, hata uchimbue Ungwana yote kwa huo mswaki wako, sikuozeshi."

Nikaenda kwa Komora mbio, nikamkuta kalala chini ya mashine, miguu tu ndiyo inayoonekana. Nikamweleza jinsi nilivyomshinda ami mbele ya wateja. Akatoka, akafuta mikono, akanitazama kwa huruma. "Zuhura," akasema, "mimi nataka mke. Sitaki kushinda kesi."

Nyumbani nako nikamkuta bibi yangu, Bibi Mwanaesha, mama yake ami, ameweka ungo wa mchele mapajani anachagua mawe. Alikuwa mwanamke wa Kipini hasa, mdogo wa umbo, tambuu haimtoki shavuni, na ulimi wake watu wa mtaa walikuwa wakiuogopa kuliko askari. Habari zilikuwa zimeshafika kabla yangu.

"Umefurahi?" akaniuliza.

"Nimefurahi, bibi."

"Umemvunjia mwanangu babu yake mbele ya wateja. Umempa babu gani badala yake?"

Nilikuwa na vigae tele lakini babu sikuwa naye.

Akaendelea kuchagua mchele. Akasema, "Wewe hukuiona serikali ya Mzungu. Alikuwa akiuliza, wewe mgeni au mwenyeji? Ukisema mgeni, wazee wangu wametoka Uarabuni, wametoka Uajemi, huwekewa kiti. Ukisema mwenyeji, simama kule, ngoja. Mwenyeji! Neno ambalo kwetu ni la mtu mwenye nyumba, mwenye chakula, mwenye kukaribisha, yeye akaligeuza tusi. Sasa babaake Athumani afanyeje, na ana watoto? Akaishika Shirazi kwa mikono miwili. Si uongo wote. Aliishika nusu ya asili yetu, nusu nyingine akaiacha chini."

Kisha akanitazama. "Hebu niambie, vyungu hivyo aliyekuwa akipikia ni nani?"

"Watu wa kale, bibi."

"Watu! Wanaume wa kwetu wameanza lini kupika? Aliyekuwa akipikia ni nani?"

"Wanawake."

"Haya," akasema. "Vuta kigoda, unisaidie mchele." Na neno jingine juu ya habari ile sikulipata kwake mpaka Ijumaa.

Ijumaa ikafika. Wazee wa Ozi wakaja na pikapu ya kukodi, wakiwa na gunia la mchele mpya na mikungu ya ndizi. Komora alivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Msemaji wao alikuwa babu yake, Mzee Buya, mzee mwembamba mwenye kofia ya kiua na macho ya utani. Wanaume wakaketi mkekani sebuleni, kahawa ikamiminwa, na sisi wanawake tukajibana nyuma ya pazia, Bibi Mwanaesha mbele kabisa. Mimi nilikuwa nimeshika ncha ya leso yangu nimeisokota mpaka vidole vikafa ganzi.

Mzee Buya akaomba kwa maneno mazuri ya posa. Ami naye akaitikia vizuri, kisha akaanza nasaba. Nikwambie kweli, ilikuwa tamu. Ami alikuwa na sauti, na majina yale aliyapanga taratibu, bin huyu bin yule, hata waliokuwa nyuma ya pazia wakanyamaza kupiga umbeya. Akafika kwa yule wa mwisho, aliyetoka Shirazi akashuka Ungwana. Akasema, "Nanyi wenzetu, mlitoka wapi?"

Mzee Buya akanywa funda la kahawa. "Kutoka?"

"Asili yenu, mzee. Mlitoka wapi?"

"Baba yangu alikuwa hapa. Babu yangu alikuwa hapa. Babu wa babu yangu, huyo siku moja alitoka."

Ami akainama mbele. "Alitoka wapi?"

"Alitoka shambani. Akaenda mtoni akaoga, akarudi nyumbani."

Loo! Nyuma ya pazia wanawake waliuma leso zao wasicheke. Hata Komora nilimwona mabega yakimtikisika. Lakini ami hakucheka. Akasema, "Mzee, nazungumza kwa heshima. Nimekutajia watu wangu hadi Shirazi."

"Nami nimekusikia na nimefurahi," akasema Mzee Buya. "Wako walikuja. Wangu hawakuja. Wangu walikuwapo."

Ami akavuta pumzi. Nilimjua ami yangu, niliijua pumzi ile. Akaanza, "Wazee wangu, nawashukuru kwa hatua zenu, na kwa heshima mliyotupa. Lakini kufu ndugu zangu, kufu ni jambo la..." Nikaona Komora ameinamisha kichwa, na nikajua ami akiimaliza sentensi ile hatairudisha, maana hakuwa mtu wa kula maneno yake.

Hakuimaliza. Pazia lilivutwa.

"Athumani."

"Mama, tuna wageni."

"Wageni gani?"

"Hawa, mama."

"Hawa ndio wenyeji," akasema Bibi Mwanaesha, na akaingia kati ya wanaume kwa leso zake mbili kama anayeingia jikoni kwake. "Wageni ni sisi. Wewe mwenyewe umemaliza kusema sasa hivi, umetaja mpaka mji tuliotoka."

Akawageukia wote, akasema kwa lahaja yake ya Kipini, ambamo kuja ni kuya na nyote ni nyute. "Garsen nzima kazi ni moja. Huyu aliya kutoka Shirazi, yule aliya kutoka Uarabuni, mwingine aliya kutoka Shungwaya. Nyute mliya! Nani basi aliyekuwapo kufungua mlango?"

Kisha akamrudia mwanawe, na sauti ikashuka. "Huyo babu yetu wa Shirazi, alikuja na mke?"

"Mama, hadithi haisemi."

"Haisemi kwa sababu walioihadithia ni wanaume. Mimi nasema. Kama alikuja na mke, mbona vyungu vya jikoni Ungwana ni vya mto huu? Mtoto wako amevisugua kwa mkono wake. Basi siku moja babu yako alivaa kanzu, akaenda kwa mzee mmoja wa mtoni kama huyu, akakaa mkekani kama alivyokaa huyu kijana, akaomba mke. Wakamuuliza, umetoka wapi? Akasema Shirazi. Wao Shirazi wanaijua? Mama yake wamemwona? Jina la baba yake pale angelishuhudia nani? Wangeweza kusema, kijana huyu hatumjui, si kufu yetu, arudi chomboni kwake. Hawakusema, Athumani. Walimfungulia, wakampa binti yao. Wangemfanyia unachotaka kuwafanyia hawa leo, wewe ungekuwa wapi?"

Mwanangu, nimehudhuria mihadhara mingi, nimesikia wasomi wa vyuo wakibishana habari za miji ile kwa vitabu na picha. Sijasikia tena ushahidi uliokwenda moja kwa moja hivyo.

Ami alivua kofia yake akaiweka gotini. Mimi nilikuwa nikisema moyoni, Mungu wangu, asione ameaibishwa, asione ameaibishwa, kwa sababu mtu aliyeaibishwa hukataa hata kheri. Ndipo akainua uso, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mzee Buya," akasema, "nimeisoma vibaya. Niruhusu niirudie."

Akaanza tena nasaba tokea mwanzo, bin huyu bin yule, polepole kuliko mara ya kwanza. Akafika kwa yule wa mwisho. "Aliyetoka Shirazi," akasema, "akashuka Ungwana, akapokewa, akaozwa binti wa watu wa mtoni, ambaye jina lake hatukulishika. Mungu amrehemu mama yetu." Akacheka kidogo. "Kumbe watu wa mama yetu ndio nyinyi. Kumbe nyinyi ni wajomba zetu. Na mtu akiombwa na mjomba wake, atauliza kufu gani?"

"Basi mpwa wangu," akasema Mzee Buya, "mjomba wako magoti yanamuuma. Isomwe Fatiha."

Vigelegele! Wee, vigelegele vile! Nilipiga na mimi, bibi harusi mtarajiwa anayetakiwa kuona haya, nikapiga kuliko wote, mpaka shangazi mmoja akaniziba mdomo kwa kiganja. Fatiha yenyewe ilisomwa tukiwa bado tunapumua kwa nguvu.

Tulioana kabla ya mvua. Ami hakuacha kaseti zake, na wala sikutaka aache. Kurtuba iliendelea kuwaka taa dukani kwake kila asubuhi. Ila sasa akiingia Mpokomo kununua kikoi, ami alimshika mkono, "Mjomba, njoo usikie! Hao ni sisi!" Wengine walimwona ameingiwa na wazimu kidogo. Nami shule ilipofunguliwa nilifuta ubao, nikawauliza watoto: mnadhani ni nani aliyekuwa akipika chakula cha mafundi waliojenga msikiti wa Ungwana? Mikono ikainuka darasa zima, hata ya wale ambao mwaka mzima hawakuwa wamefungua mdomo.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na nakwambia waziwazi ili usiseme nilikuficha. Historia ya Waislamu wa kale ni yako, ifurahie. Baghdadi ifurahie, Kurtuba ifurahie, jifunze walivyopima nyota na walivyotibu wagonjwa, na moyo ukusisimke kama ulivyokuwa ukinisisimka mimi. Lakini jua kwamba historia haijisimulii yenyewe. Kila zama zina msimulizi wake, na kila msimulizi ana haja yake. Mzungu aliisimulia ionekane mtu mweusi hakujenga kitu. Babu zetu waliisimulia wapate kiti. Msemaji wa kaseti aliisimulia atuinue vichwa vilivyokuwa vimeinama, na heri yake. Huyo wa kwenye simu yako naye ana haja yake, huenda njema, huenda si njema. Akisema "sisi", muulize ni sisi akina nani, na jirani yako yumo au katolewa. Akikuambia babu zako walikuwa wakubwa, msikilize. Akikuambia walikuwa wakubwa na kwa hivyo wa jirani yako si kitu, mzime palepale, hata kama sauti yake ni tamu na aya anazisoma vizuri. Mto huu umeshaona watu wakianza na hadithi ya nani alitangulia na kumalizia kwa kumwaga damu, mambo nisiyotaka kuyataja.

Na wewe ukija kuupata ukweli mpya, maana utaupata, vijana ndio wachimbaji, usimkimbilie nao mzee wako ukampiga nao kichwani. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mwachie kile kilicho kweli katika alichokishika, kisha umwongezee ile nusu iliyoachwa chini. Na katika kila nasaba utakayosomewa, hata iwe ndefu vipi, hata iwe tukufu vipi, mtafute mama. Ukimpata yeye utajua ndugu zako ni wengi kuliko ulivyodhani.

Nenda, mwanangu, simu yako hiyo hapa. Mungu akupe elimu na akupe adabu ya kuichukua elimu. Akufikishe mbali kuliko tulikofika sisi, na kila utakapofika umkute mtu wa kukwambia karibu. Na siku atakapokuja kwako asiyejulikana mama wala baba, vumbi limemjaa, hana wa kumshuhudia, Mungu ajaalie akukute upo. Amina.